Kesi ya Firigisi na Shanga Nyekundu

Bi Esha wa Kibarazani, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Mtanda, hapa Lindi mjini, nauza vitumbua asubuhi, na gazeti lako nalinunua likiwa la zamani kwa ajili ya kufungia vitumbua, lakini ukurasa wako sijawahi kumfungia mteja, nauchana nauweka chini ya godoro, basi leo zamu imenifikia na mimi, naomba unishike mkono kabla sijaaibika mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, kwa sababu nimeshitakiwa, Bi Esha, na kosa langu ni kula firigisi.

Usicheke kwanza, nisikilize. Nina miaka hamsini na moja. Mume wangu anaitwa Mfaume, ni mfanyabiashara wa pweza, anakwenda Kinjumbi huko Kilwa kuwanunua pweza hao kwa wavuvi, anawaleta mjini, mtu mpole, hana makelele, tumezaa naye watoto watatu na binti yetu wa kwanza, Umi, ameshaolewa. Sasa huu mwaka wa pili mwilini mwangu kumeingia kitu. Nimekaa zangu jikoni, mara joto linapanda, linatoka kifuani linakuja shingoni linafika usoni, jasho linanimwagika, halafu ghafla limekwisha, nabaki natetemeka na kanga imelowa. Usingizi hakuna. Nasahau kutia sukari kwenye vitumbua, wateja wanarudi wananiuliza leo nimeuza nini. Nalia bure, siku moja nimelia kwa sababu kuku alivuka barabara akafika salama.

Nikadhani malaria, nikapima, hakuna, nikapima tena, hakuna. Wifi yangu Sauda, dada yake mume wangu, akaniambia, "Wifi, hilo si homa, hilo jini la bahari, lataka ubani na nguo nyeusi." Ubani nikafukiza, joto likazidi, maana na chetezo nacho kina moto wake.

Na siku zangu, samahani kwa kulitaja gazetini, zilivurugika, mara zije mara mbili kwa mwezi, mara zisije, mpaka zikapotea kabisa, na sasa ni zaidi ya mwaka sijaziona. Hapo nieleze kitu kidogo ambacho labda wasomaji wako wengine hawakijui. Mimi kwetu ni Milola, nimechezwa unyago, na somo yangu, kungwi wangu, alinifundisha kwamba haya mambo mwanamke hamwambii mume kwa mdomo. Siku zikija unatundika shanga nyekundu kwenye nguzo ya kitanda, ukishamaliza ukajitoharisha unaondoa nyekundu unaweka nyeupe, na mume mwenye adabu anaona, hasemi neno. Baba Umi adabu hiyo anayo, tangu tuoane hajawahi kuuliza. Basi usiku lile joto likinishika sitaki hata shuka iniguse, sembuse mtu, nami nitamwambiaje, nikaona nitundike zile nyekundu nipate kupumua. Nikaziacha palepale. Zikakaa mwezi, zikakaa miezi, mpaka jioni moja Baba Umi akasema huku anavua viatu, "Mama Umi, masika ya mwaka huu mbona hayakatiki?" Nikamjibu, "Mvua ni ya Mungu, Baba Umi." Akavaa ndala akatoka. Kipindi hicho akawa kila akitoka sokoni ananiletea maini, tena na choya, ile rosela nyekundu ya kutengeneza juisi, anaweka mezani anasema "kula," sijui alikuwa na nini na maini.

Ndipo nikaenda kituo cha afya kupima presha, nikamkuta nesi mmoja, Stella, msichana mchangamfu, akanihoji akacheka akasema, "Mama, hujarogwa, umekoma hedhi. Kila mwanamke anapita hapo." Akaniambia mwili ukifika hapa misuli inapungua na mifupa inalegea, kwa hiyo nile protini kila mlo, nisiishi kwa chai na vitumbua vilivyobaki, na nifanye mazoezi, hata kutembea kwa mwendo wa haraka.

Nikatii, na kutii huko ndiko kulikonitia matatani. Nilianza kutembea kila asubuhi nikishauza, nateremka mpaka ufukweni napanda tena, na unajua Mtanda, mwanamke akitembea lazima awe anakwenda mahali. Wakaanza, "Mama Umi anatoka mikono mitupu anarudi mikono mitupu, huko anakwenda kwa nani?" Nikaona nijitwishe ndoo nifanane na mwenye shughuli, wakasema ndoo inakwenda tupu na kurudi tupu, sasa huyu akili zimeruka. Kuhusu chakula nikamwambia Baba Umi akate mnyiri mmoja wa pweza ubaki nyumbani, akanitazama kama nimemwambia akate mkono wake, maana nyumba yetu inanuka pweza tangu harusi lakini pweza wetu ni wa kuuza, sisi tunakula ugali wa muhogo na kisamvu.

Halafu kuna alfajiri moja alirudi kutoka Kinjumbi mapema kuliko kawaida yake, akanikuta kwenye mswala natoa salamu, namaliza swala, yeye ambaye saa za swala huwa yuko msikitini au safarini. Akasimama mlangoni. Akatazama kitanda, akanitazama mimi, akakohoa, akatoka nje akaenda kunywa chai kwa mama ntilie wakati chai ya kwangu iko jikoni. Tangu siku hiyo amebadilika. Maini yamekoma. Akinijibu ni "sawa" na "haya," na mimi sijui nimemkosea nini kwa kusali.

Ijumaa iliyofuata nikapika kuku nimbembeleze. Sasa Bi Esha, firigisi ya nyumba hii ni ya Baba Umi, mama yake marehemu alinionyesha kwa kidole siku ya kwanza nilipopika kwao, "Hii ni ya mwenye nyumba." Sijawahi kuigusa. Siku ile niko peke yangu jikoni, joto limenipanda, njaa inaniuma, nafungua sufuria naiona inaelea, nikakumbuka maneno ya nesi, protini, protini, nikaitia mdomoni. Nasema kweli, ilikuwa tamu. Baba Umi alipokaa kula akapekua bakuli kwa kijiko, akapekua tena, akasema, "Mama Umi, kuku huyu amezaliwa bila firigisi?" Nikasema, "Nimeila mimi." Akanawa mikono, akainuka, hata wali hakuugusa.

Kesho yake akampigia simu kaka yake mkubwa, shemeji Abdulrazak wa Kinjumbi, akamwambia, "Kuna kesi, mke wangu amekula firigisi, maana yake mimi simo tena ndani ya nyumba hii." Kikao kimewekwa baada ya Maulidi. Wifi Sauda naye ameninong'oneza kwamba kaka yake anasema mambo yakiendelea hivi atatafuta mwingine wa kumliwaza, dini inamruhusu.

Bi Esha, mimi nampenda Baba Umi. Nasema wazi hapa kwa kuwa najua majina yetu yote unayabadilisha. Nikifikiria kuna mwanamke mwingine anamsubiri na chai yake alfajiri, moyo unanikatika. Je, nimlipe kuku mzima? Niombe radhi mbele ya kikao? Niache hiyo protini na kutembea, nirudi kwenye vitumbua vyangu? Maana nikisema mbele ya shemeji habari ya kukoma hedhi, nitakufa kwa aibu palepale kwenye mkeka, mnizike.

Mimi,
Mla Firigisi, Mtanda

---

Marahaba, mdogo wangu Mla Firigisi.

Umeniambia nisicheke. Nimejaribu, nikashindwa pale kwenye ndoo tupu. Nimefuta machozi, nimevaa miwani, sasa tuzungumze, maana chini ya hiki kichekesho kuna ndoa inayotaka kuvunjika kwa sababu watu wawili wamelelewa vizuri kupita kiasi.

Kwanza futa neno firigisi kichwani. Hakuna kesi ya firigisi. Soma tena barua yako mwenyewe, wewe unayesoma barua za wengine na kuziweka chini ya godoro. Umetundika shanga nyekundu kitandani. Halafu mumeo akakukuta unasali. Mama wee! Mwanamke aliye kwenye siku zake hasali, na hilo Mfaume amelijua tangu yuko madrasa, ila hukumu ya damu ya ugonjwa isiyokatika, ambayo haizuii sala, hakuifikia. Alisimama mlangoni akaona kitanda kinasema hivi na mswala unasema vile, akajua mmoja wao anadanganya, na mswala haudanganyi. Hapo ndipo alipokohoa. Wewe ukadhani amekwazwa na sala yako!

Na yale maini? Hujui alikuwa na nini na maini? Ninakushangaa, mwanamke mzima uliyechezwa unyago. Mumeo aliona nyekundu miezi mfululizo akaamini mkewe anavuja damu hamalizi. Kukuuliza hakuweza, adabu ilimziba mdomo, akakuuliza habari za masika ukamwachia Mungu mvua yake. Basi akaenda sokoni akanunua kile ambacho kila mtu huku kwetu anamnunulia aliyepungukiwa damu, maini na choya. Kimya kimya, miezi yote ile, alikuwa anakuuguza. Alipokuona kwenye mswala akadhani amefanywa mjinga. Angekasirika mtu yeyote, hata mimi.

Sasa mwanamume huyo ataanzaje kumweleza kaka yake mambo ya shanga? Hawezi. Akatafuta kosa linalotajika mbele za watu, akaikuta firigisi. Mngekaa kwenye mkeka siku nzima mnamhukumu kuku, na kesi yenyewe inaning'inia kwenye nguzo ya kitanda.

Simlaumu somo yako. Alikufundisha alama ya kuanza na alama ya kumaliza mwezi, hakukufundisha alama ya kumaliza kabisa, pengine kwa sababu naye hakufundishwa. Lakini wewe nakulaumu kidogo. Ulipata joto, ukageuza shanga kuwa pazia la kujifichia. Wazee walisema mficha uchi hazai. Najua umeshamaliza kuzaa, methali bado inakuhusu.

Sasa mwili wako. Nesi Stella amekuambia kweli tupu, na ukiacha ushauri wake kwa ajili ya midomo ya Mtanda nitakuja mwenyewe nikuchape. Kula. Tena usinililie kwamba protini ni ya matajiri, wewe unaishi Lindi. Mbaazi mnazo, kunde mnazo, choroko mnazo, na ufuta tunaulima wenyewe halafu tunaupakia wote kwenye magari unakwenda kuwanenepesha watu tusiowajua. Kaanga ufuta, utwange, utie kwenye kisamvu. Dagaa wale wazima na vichwa vyao, hiyo ndiyo dawa ya mifupa. Yai asubuhi badala ya vitumbua vilivyobaki. Vitumbua vilivyobaki wape kuku, wakupe mayai. Na huyo pweza, mwambie mumeo mnyiri mmoja kwa wiki hautamfilisi, maana mke akivunjika nyonga dukani hauzwi mwingine. Maziwa ukipata, kunywa. Pilipili na chai ya moto usiku zipunguze, utaona joto nalo linapunguza kiburi. Lala na kanga nyepesi, fungua dirisha, weka chandarua.

Mazoezi nayo usiache. Ila ile ndoo isiende tupu, tia maji kidogo ndani yake, uibebe kwa mkono, mara wa kulia mara wa kushoto, misuli inapenda mzigo. Na ukiwa jikoni inuka kwenye kibao cha mbuzi bila kushika ukuta, kaa, inuka tena, mpaka mapaja yalalamike. Nazi haijakunwa na mazoezi yamekwisha.

Mambo mawili usifanye mzaha nayo. Umekaa zaidi ya mwaka bila kuona siku, kwa hiyo damu ikitokea tena, hata tone, usitundike shanga, nenda hospitali haraka ukaangaliwe. Na presha uendelee kupima, maana jasho na moyo kwenda mbio havitoki kwenye kukoma hedhi peke yake. Joto likikushinda kabisa mwambie nesi, kuna dawa, daktari atakuchagulia inayokufaa. Usinunue mizizi ya kwenye chupa kwa sababu muuzaji ana kipaza sauti. Na wifi Sauda mshukuru kwa ubani wake, anakupenda, ila mwambie jini hilo limeshapata jina na halitaki nguo nyeusi.

Haya, Mfaume. Usingoje kikao. Chagua siku ambayo ametoka Kinjumbi, ameoga, amekula, nyumba imetulia. Usimwandikie, usimtume Umi, usimtume wifi. Kaa naye kitandani palepale. Fungua zile shanga nyekundu kwenye nguzo, zitie mkononi mwake, umfumbe vidole. Halafu umwambie kwa mdomo wako: "Baba Umi, hizi zimestaafu. Siku zangu zimekoma, zaidi ya mwaka sasa. Nilizitundika kwa sababu usiku naungua, nikaona haya kukuambia. Nilikosea. Sikukukimbia wewe, nilikimbia joto." Maneno hayo yanatosha. Utatetemeka, ndiyo, lakini umeshatetemeka mara ngapi mwaka huu na hukufa.

Zile nyeupe usizitupe. Mwambie kuanzia leo zitakuwa na kazi mpya, siku ambayo wewe unamtaka yeye ndiyo zitatundikwa. Usione haya, kukoma hedhi si kukoma mapenzi. Siku ya joto usitundike kitu, sema tu, "Leo naungua, nipepee." Mpe pepeo. Mwanamume akipewa kazi hukumbuka kwamba yumo ndani ya nyumba.

Halafu mwambie mtembee pamoja asubuhi. Kitambi chake sijakiona lakini nakijua, wafanyabiashara wa pweza nawafahamu. Mkipita wawili Mtanda hawatauliza ndoo inakwenda wapi. Watauliza mmerudiana lini, na hiyo mtaijibu kwa kicheko.

Kuhusu shemeji Abdulrazak, kikao kisivunjwe, itakuwa aibu kwa Mfaume kumrudisha kaka yake njiani. Aje, na apikiwe. Mfaume atasema mambo mmeshayamaliza wenyewe, na shemeji atashukuru Mungu, maana hakuna mzee anayependa kusafiri kutoka Kinjumbi kuja kuamua habari za kuku. Wewe omba radhi ya firigisi kwa maneno mafupi, kwa adabu, bila kulipa kuku wala kutaja hedhi. Aliyehitaji kujua atakuwa ameshajua.

Na hapo kwenye sinia, mbele ya wote, mwekee mumeo firigisi yake nzima kama mama yake alivyokuonyesha. Weka na kisu kidogo pembeni. Usiseme neno, tazama wali wako. Mwanamume aliyekuletea maini miezi yote ile bila kuuliza hatashindwa kukukatia nusu.

Bi Esha